Samaki wa ziwani, mahindi ya mlimani: jinsi viumbe wanavyopashana habari, na jinsi tope linavyowakatiza

Siku za mbalamwezi, wavuvi wengi wa ndagala kwenye mwambao wa Gitaza, Magara na Rumonge hupumzisha mitumbwi yao. Si kwamba samaki wamehama. Taa zao ndizo zimepungukiwa nguvu. Usiku wa giza, taa ikiwashwa juu ya maji huwavuta viumbe wadogo wanaoelea. Ndagala hukusanyika penye mwanga na chakula, mukeke huja kuwawinda ndagala, kisha wavu huinuliwa. Mwezi unapoliangaza ziwa zima, taa ya mvuvi huwa nuru ndogo ndani ya nuru kubwa, na samaki hubaki wametawanyika.

Mvuvi aliyelijua jambo hilo kwa uzoefu amegusa msingi wa tawi zima la sayansi, nalo ni uchunguzi wa ishara ambazo viumbe hutoa na namna viumbe wengine wanavyozipokea. Ishara yoyote, iwe ya mwanga, ya harufu au ya sauti, huhitaji mambo matatu: anayeitoa, anayeipokea, na njia safi ya kupitia kati yao. Njia ikizibwa, ishara hupotea hata kama mtoaji na mpokeaji ni wazima.

Kwa wakazi wa Gitaza, jambo hili haliishii maabara. Makazi yao yamebanwa kati ya ziwa na milima mikali, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayounganisha Bujumbura na Rumonge. Kinachotendeka kwenye mashamba ya mlimani hufika majini kwa mvua moja tu. Utafiti uliofanywa kwa miongo kadhaa, baadhi yake nchini Burundi na mwingine nchini Kenya, unaonyesha kwamba samaki wa ufukweni na mahindi ya mlimani wote wanaishi kwa kupashana habari, na kwamba hatima zao zimefungamana.

Samaki anayebadili rangi kwa dakika chache

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali palipo na kina kirefu kupita kote. Ndani yake mna takriban aina 240 za samaki wa ukoo mmoja na kuhe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Mmoja wa ukoo huo ni mdogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Haishi katikati ya ziwa, bali kwenye maji ya kina kifupi, katika vidimbwi vya ufukweni na kwenye midomo ya mito. Wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni. Neno hilo la pili, alilopewa mwaka 1894, ni kwa heshima ya Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na mwenzake John Speke.

Mwaka 1977, Mmarekani Russell Fernald na mwenzake Nancy Hirata walichapisha matokeo ya uchunguzi waliomfanyia samaki huyu katika makazi yake ya asili, upande wa kaskazini wa ziwa, nchini Burundi. Fernald, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliendelea kumchunguza kwa miongo kadhaa.

Jambo linalomshangaza yeyote anayemtazama samaki huyu ni tofauti kati ya madume wenyewe kwa wenyewe. Wachache miongoni mwao humiliki kipande cha chini ya maji na kukilinda. Hao huvaa rangi kali ya samawati au ya manjano, huwa na mstari mweusi unaopita jichoni, na madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini karibu na mkia. Waliobaki, ambao ndio wengi, wana rangi hafifu kama majike, nao huogelea pamoja na majike bila kumsumbua mtu.

Hali hiyo hubadilika ghafla. Mwenye eneo akitoweka, pengine kwa kunyakuliwa na ndege, mmoja wa wale wanyonge hujitokeza. Ndani ya dakika chache mstari mweusi unaonekana usoni pake, rangi inakolea, naye anaanza kuwafukuza wenzake. Mwaka 2005, Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald walionyesha kwamba mabadiliko hayo hayaishii kwenye ngozi. Muda mfupi tu baada ya samaki kuiona nafasi hiyo, jeni fulani huamka ndani ya seli za ubongo zinazosimamia uzazi. Kwa maneno mengine, habari iliyoingia kwa jicho imefika hadi ndani kabisa ya mwili na kuubadili.

Mwaka 2007 watafiti wa maabara hiyohiyo walitoa matokeo mengine. Waliwaacha samaki watazamaji waone mapambano ya madume wengine kwa zamu: wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, na kuendelea hivyo. Kisha mtazamaji aliwekwa kati ya madume wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Kwa kawaida alimkaribia yule ambaye, kwa hesabu ya mapambano aliyoyaona, alikuwa mnyonge zaidi. Samaki huyo alikuwa amepanga ngazi ya vyeo kwa kutazama tu.

Macho siyo njia yake pekee. Dume akiwa mbele ya jike au ya mshindani hutoa mkojo mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na ndani ya mkojo huo mna kemikali zinazobeba habari zake. Wakati wa kumbembeleza jike pia hutoa sauti hafifu majini. Hivyo ana njia tatu za kujitambulisha: rangi, harufu na sauti. Kila njia ina mahali inapofaa na mahali inaposhindwa.

Mmea hauna pua, lakini hupata habari

Ni rahisi kukubali kwamba samaki, mwenye macho na ubongo, hupokea ishara. Kwa mimea jambo hilo lilichukua muda mrefu kukubalika. Mwaka 1983, watafiti Ian Baldwin na Jack Schultz waliandika kwamba miche iliyokaa karibu na miche mingine yenye majani yaliyochanwa iliongeza kinga zake za kikemikali, ingawa yenyewe haikuguswa. Kitu fulani kilisafiri hewani. Wengi walipinga mwanzoni, lakini majaribio yaliyofuata, kwa mimea ya aina nyingi, yamelithibitisha wazo la msingi: mmea ukiliwa na viwavi hutoa harufu maalumu, na viumbe wengine huisoma harufu hiyo.

Ndani ya mmea wenyewe habari pia husafiri. Mwaka 2018, Masatsugu Toyota, Simon Gilroy na wenzao walionyesha jambo hilo kwa kutumia mmea mdogo uliowekewa protini inayong'aa pale kalisiamu inapoongezeka. Kiwavi alipoliuma jani moja, mwanga ulionekana ukitoka kwenye jeraha na kupita katika mishipa ya mmea hadi kwenye majani ya mbali, yote hayo kwa muda wa dakika moja au mbili. Majani hayo yakaanza kujiandalia kinga kabla kiwavi hajayafikia.

Kilichoanzisha wimbi hilo ni glutamati, kemikali inayovuja pale seli zinapopasuka. Glutamati hiyohiyo ni mojawapo ya kemikali kuu zinazotumika kupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine ndani ya ubongo wa wanyama, samaki na binadamu wakiwemo.

Hilo halimaanishi kwamba mmea unafikiri au unasikia maumivu kama mtu. Mmea hauna ubongo wala neva. Maana yake ni kwamba maisha yametumia vifaa vinavyofanana kutatua tatizo linalofanana: kuutambua ulimwengu wa nje na kuchukua hatua kwa wakati.

Mwanakemia wa nzige, mbung'o na mahindi

Katika Afrika Mashariki, kazi ya kuzisoma ishara za wanyama na za mimea kwa pamoja ina makao yake. Ni Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa jina la icipe, kilichoanzishwa mjini Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi wa Kenya, Thomas Odhiambo. Miongoni mwa waliofanya kazi humo kwa miaka mingi ni mwanakemia Ahmed Hassanali, na orodha ya mambo aliyoyachunguza inaonyesha jinsi mpaka kati ya wanyama na mimea ulivyo mwembamba kwa mtu anayefuata harufu.

Upande wa wanyama, Hassanali na wenzake, akiwemo Baldwyn Torto, walichunguza harufu zinazowafanya nzige wa jangwani wakae pamoja kama kundi. Waligundua kwamba harufu ya nzige wakubwa, ikiwafikia wale wadogo wasioweza kuruka, huwavuruga: wanapoteza mshikamano na kutawanyika, hivyo kuwa rahisi kuliwa na ndege na maadui wengine.

Walichunguza pia mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Walijiuliza kwa nini mbung'o huwanyonya nyati na ng'ombe, lakini humkwepa kuro, ambaye huishi katika pori hilohilo. Jibu lilikuwa katika harufu ya kuro. Kemikali zake zilipotengenezwa na kutiwa katika vibweta vinavyovalishwa ng'ombe shingoni, majaribio katika eneo la Kwale, pwani ya Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba maambukizi ya nagana yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe amebaki ng'ombe; ila kwa pua ya mbung'o amekuwa kuro.

Upande wa mimea, Hassanali alikuwa miongoni mwa walioandika maelezo ya kisayansi ya mfumo wa kilimo uitwao vuta-sukuma. Mfumo huo ulianza kutengenezwa katika miaka ya 1990 huko Mbita, kwenye ufukwe wa Ziwa Viktoria, chini ya uongozi wa Zeyaur Khan wa icipe akishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza. Lengo lilikuwa kuyalinda mahindi na mtama dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua, bila dawa za gharama.

Mpango wenyewe si mgumu kueleweka. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe unaotambaa. Kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo, ambayo kwa Kirundi huitwa urubingo, au majani ya brakiaria. Nondo anayetafuta mahali pa kutaga hukutana na harufu zinazomsukuma mbali na mahindi, na nyingine zinazomvuta ukingoni. Watafiti waligundua kwamba urubingo huongeza sana harufu hizo katika saa ya kwanza ya giza, wakati hasa ambapo nondo majike hutoka kutaga. Viwavi wakianguliwa juu ya urubingo, wengi hufa, kwa kuwa mmea huo hutoa utomvu unaonata wanapoutoboa.

Chini ya ardhi kuna mazungumzo mengine. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazozidanganya mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mbegu huota zikidhani mahindi yako karibu, kisha hushindwa kujishika na kufa.

Viwavijeshi vamizi walipoingia barani Afrika mwaka 2016, mashamba ya vuta-sukuma yalipata mtihani mpya. Utafiti wa icipe uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba idadi ya viwavi kwa kila mche katika mashamba hayo ilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mashamba ya mahindi matupu.

Namna kinga hiyo inavyofanya kazi bado inajadiliwa. Katika miaka ya karibuni, watafiti wengine wameonyesha kwamba desmodiamu haiwafukuzi nondo wa viwavijeshi kwa harufu kama ilivyodhaniwa. Vinywele vilivyo kwenye majani na mashina yake huwanasa na kuwaua viwavi wadogo wanaotambaa. Huenda njia zote mbili zinahusika, kila moja kwa mdudu wake. Kwa mkulima, faida shambani haibadiliki kwa sababu ya mjadala huo. Kwa mwanasayansi, ni ukumbusho kwamba ishara isomwe kwa uangalifu kabla ya kutafsiriwa.

Tope linapoingia kati

Hapo ndipo mlima na ziwa vinapokutana. Samaki wengi wa ukoo wa kuhe hutegemea macho ili kumtambua mwenza wa aina yao. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wa Ziwa Viktoria ulioonyesha kwamba mahali maji yalipochafuka na kupoteza uangavu, rangi za samaki zilififia, na aina za samaki zikawa chache. Majike walishindwa kuzitofautisha rangi za madume, na mipaka kati ya aina moja na nyingine ikaanza kufutika. Samaki hao hawakuhitaji kuuawa kwa nyavu wala kwa sumu ili aina zao zipotee. Ilitosha wasionane vizuri.

Ziwa Tanganyika limejulikana kwa maji yake maangavu, lakini pembe yake ya kaskazini imekuwa ikipokea udongo mwingi kutoka milimani. Mwaka 1993, Andrew Cohen na wenzake waliandika kwamba katika sehemu za ziwa hilo zilizo chini ya miteremko iliyokatwa miti na kulimwa sana, aina za viumbe zilikuwa chache kuliko katika sehemu ambazo bado zilikuwa na uoto. Udongo hufanya madhara kwa njia zaidi ya moja. Hutia maji ukungu. Hufunika mawe ambayo samaki hula mwani juu yake na kujificha kati yake. Huziba mianya ambamo mayai na vifaranga hukaa.

Wakazi wa Gitaza hawahitaji kuelezwa nguvu ya udongo huo. Mwishoni mwa Machi 2015, mvua kubwa ilisababisha milima iliyo juu ya makazi yao kuporomoka. Watu walipoteza maisha, nyumba zilifukiwa, barabara ya Rumonge ilikatika, na familia nyingi zilibaki bila makao. Maafa ya kiwango hicho hayazuiliwi na majani peke yake. Yanahusu pia mahali pa kujenga, njia za maji na misitu ya vilele. Lakini udongo unaosombwa kidogo kidogo kila msimu, ule unaoigeuza rangi ya ziwa kwenye midomo ya mito baada ya kila mvua, unatoka zaidi kwenye mashamba yaliyo wazi.

Mmea uleule, kazi mbili

Desmodiamu ni mmea wa kudumu unaofunika ardhi kati ya mistari ya mahindi mwaka mzima. Tone la mvua huangukia jani badala ya kupiga udongo mtupu. Mizizi yake hushika ardhi na kuiongezea naitrojeni. Urubingo nao si mgeni Burundi: kwa miaka mingi wakulima wamekuwa wakiupanda kwenye matuta yanayokata mteremko ili kuzuia mmomonyoko na kulisha mifugo. Mimea ambayo huko Mbita ilichaguliwa kwa sababu ya harufu zake ndiyo hiyohiyo inayoweza kuuzuia udongo usifike ziwani.

Kuna mipaka ya kuzingatiwa. Mfumo wa vuta-sukuma ulitengenezwa kwa ajili ya mahindi, mtama na nafaka za namna hiyo. Hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo kwenye shamba la muhogo au la migazi, mazao yaliyoenea kwenye mwambao wa Rumonge. Mbegu za desmodiamu si rahisi kupatikana kila mahali. Msimu wa kwanza unahitaji palizi nyingi hadi mmea ushike. Na kwenye mteremko mkali, mistari lazima ikate mlima, isishuke nao. Anayetaka kujaribu atafanya vema kuanza na kipande kidogo na kumhusisha mtaalamu wa kilimo wa eneo lake.

Kwa upande wa ziwa, faida haitaonekana kwa msimu mmoja. Udongo uliokwisha kutua chini ya maji haurudi mlimani. Lakini maji yanayoshuka yakiwa masafi zaidi huipa nuru nafasi ya kufika chini, na samaki wa ufukweni hupata tena njia ya kuonana.

Mara nyingi mkulima wa Gitaza na mvuvi wa Gitaza hutoka katika nyumba moja, au ni mtu yuleyule kwa nyakati tofauti za mwaka. Kwa muda mrefu kazi hizo mbili zimehesabiwa kuwa mbalimbali: moja ya jembe, nyingine ya wavu. Utafiti wa ishara za viumbe unaonyesha kwamba tuta la urubingo lililopandwa leo mlimani ni sehemu ya kazi ya uvuvi, kwa kuwa samaki asiyeweza kumwona mwenzake hazai, na asiyezaa hafiki wavuni.